Jiwe la Mama Kulwa na Kilima cha Dhahabu

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha jicho baridi, nikavua koti jeupe na kulitundika kwenye msumari nilioupigilia mwenyewe. Vijana wa maabara wakaniambia, "Fundi, andika yale unayotusimuliaga wakati wa chai, tusije tukayasahau." Nikawaambia hamtayasahau, nimeyasema mara nyingi mno. Hata hivyo naandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Vyeo nilipata vyote ambavyo mtu wa darasa la nne anaweza kupewa, na viwili ambavyo hawezi.

Jueni kwanza kwamba kutoka Shinyanga mpaka Geita hakuna mtu aliyemimina naitrojeni baridi kwa mkono uliotulia kama wangu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu aliyenifuata kwa ubora aliwahi kuimwaga kwenye kiatu chake, na kiatu kikavunjika kama kigae. Mguu ulipona. Yeye mwenyewe siku hizi ni mchungaji.

Nilizaliwa Kishapu, nchi ya pamba, ng'ombe na vumbi. Shule iliniacha mapema, au niliiacha mimi, inategemea unamuuliza nani. Nikaenda Shinyanga mjini, nikapokewa na mzee mmoja Mhindi tuliyemwita Kanjibai. Alikuwa na duka la makufuli na sufuria, na nyuma ya duka alitengeneza mizani za vyama vya pamba. Kanjibai hakuwa na maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo alinitukania. Lakini kila ninachokijua kilianza kwenye benchi lake.

Tulizitengeneza zile mizani za kuning'iniza, zenye springi ndani na uso kama saa. Siku ya kwanza nilitundika kijiwe kidogo cha kupimia, mshale ukasema kweli. Nikatundika uzito wa mwisho kabisa ambao mizani ile ingeweza kubeba, mshale ukasema kweli tena. Nikafuta mikono. "Tayari, Kanjibai." Akaja polepole, akatundika uzito wa katikati. Mshale ukadanganya.

"Springi ni kama msafiri," akasema. "Ukimuuliza akiwa mlangoni kwake, mkweli. Ukimuuliza amefika, mkweli. Muulize yuko njiani. Hapo ndipo utamjua."

"Sasa tutafanyaje?"

"Jaribu mizani pale mzigo utakapokaa. Na utoe kiwiko chako kwenye rangi yangu."

Wakulima wa kwetu walilijua jambo hilo bila Kanjibai. Msimu wa pamba, mtu hakwenda kituoni na mzigo peke yake. Alikwenda na jiwe. Jiwe lile alishalipima mahali anapopaamini, zahanati au kwa mapadri, na lilikaribiana na mzigo wake. Mwenye gunia alifunga jiwe kubwa nyuma ya baiskeli. Mama mwenye kapu alibeba jiwe la ukubwa wa papai. Kabla ya pamba kupanda, jiwe lilipanda. Karani alichukia sana. "Mama, ina maana huniamini?" "Nakuamini, baba. Siiamini hiyo." Nami nilisimama pembeni na bisibisi yangu, maana mizani ikikataa jiwe, niliitwa mimi.

Miaka ya tisini ilipoingia, dhahabu ya Geita ikaanza kuwanyima watu usingizi. Kampuni ndogo ya utafiti, ambayo haipo tena, ikapanga nyumba Geita na kuifanya maabara. Wakatafuta fundi wa mizani. Walikuja wawili wenye vyeti na mimi nisiye na cheti. Tukapewa mizani mbovu kila mmoja. Wale wenye vyeti wakaomba vipuri. Mimi nikaomba sindano ya kushonea na mafuta ya taa. Mnajua nani alibaki.

Mkuu wa maabara alikuwa Daktari Neema, mwanamke mfupi kutoka Moshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Udaktari wake ulikuwa wa fizikia, lakini kibao cha mlangoni kilisema "Daktari" tu, hivyo asubuhi ya kwanza nilikuta kinamama wamepanga foleni na watoto mgongoni.

"Samahani sana mama zangu," akawa anasema, "mimi si daktari wa magonjwa. Mimi ni daktari wa mwanga."

"Basi tumefika," akajibu mmoja. "Huyu anaumwa macho."

Nikang'oa kile kibao kabla ya saa nne. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza pale, na ninaihesabu miongoni mwa zilizo bora.

Kisha akanionyesha mashine. Nitaieleza kama alivyonieleza, kwa sababu nilielewa mara moja. Wapo waliosoma nayo miaka mitatu na bado wanaiita "ile kompyuta".

Unaweka mchanga chini yake, inaupiga kwa eksirei, na mchanga unajibu kwa eksirei zake wenyewe. Kila madini yana jibu lake. Jibu hilo huja punje kwa punje, na punje moja ya mwanga huitwa fotoni. Fotoni ya chuma ina nishati ndogo, ya dhahabu kubwa zaidi, ya molibdeni kubwa kushinda hizo. Anayezipokea ni jicho, kipande cha silikoni chenye upana wa kifungo cha shati. Fotoni ikiingia humo inaacha mshtuko mdogo wa umeme, na kadiri nishati ilivyo kubwa ndivyo mshtuko ulivyo mkubwa. Kompyuta inaupokea na kuutupa kwenye chumba chake kati ya vyumba vingi vilivyopangwa safu moja. Fotoni nyingi zikilundikana mahali pamoja, kiooni unaona kilima. Kazi yetu ilikuwa kusema kilima hiki ni cha nani.

"Ni mizani," nikamwambia.

Akanitazama juu ya miwani. "Ni mizani. Ya mwanga."

Jicho lile lilitaka baridi kali isiyo ya kawaida. Likipata joto linatetemeka lenyewe, na huwezi kujua mshtuko upi ni wa fotoni na upi ni wa joto. Ni sawa na kupima punje moja ya mchele juu ya trekta linalokwenda. Kwa hiyo lilikaa juu ya chupa kubwa ya naitrojeni baridi kiasi cha kuwa maji, na mlezi wa chupa hiyo nilikuwa mimi.

Mnauliza naitrojeni tuliitoa wapi Geita ya siku zile. Tuliitoa kwa ng'ombe. Watu wa mifugo waliitumia kuhifadhi mbegu za madume, na ikishushwa uwanja wa ndege wa Ibadakuli, Shinyanga, tuligawana. Nilikwenda kuifuata kwa pikapu, barabara ya Kahama, mtungi ukiwa nyuma. Mtungi ule haukai mbele na dereva hata mvua ikinyesha, na kifuniko chake hakibanwi kamwe, vijana. Hewa ile inataka kutoka, na usipoipa mlango itajitengenezea. Safari moja naitrojeni ilikuja pungufu, na bwana mifugo nami tukabishana nani apewe, ndama au dhahabu. Walishinda ndama. Ile ni nchi ya Wasukuma, ningesema nini?

Kila Jumatatu tuliipima mashine yenyewe kabla ya kuanza kazi. Kitabu cha mashine kilitaka tuweke kipande cha chuma kwa upande wa chini, wa nishati ndogo, kipande cha molibdeni kwa upande wa juu, kisha kompyuta ichore mstari ulionyooka kati yao. Tulifanya hivyo, na Daktari kila mara alinung'unika. Alishaagiza ng'ambo karatasi ya dhahabu safi ya kupimia, mara mbili, na mara mbili kikaja kitu kingine. Mara ya pili kilikuja kitabu kingine cha mashine.

Sasa nafika kwenye kisa chenyewe.

Bakuli letu la chuma la kusagia sampuli lilipasuka. Likaletwa jipya, zito, zuri, lililotengenezwa kwa tungsteni, gumu kushinda mwamba wowote. Juma lilelile zikaja sampuli za mchanga mzito uliooshwa kutoka bonde moja upande wa magharibi mwa Geita. Nikazisaga mwenyewe. Tukaziweka chini ya mashine, na kiooni kikainuka kilima. Kompyuta ikaandika jina: dhahabu. Kingine cha pembeni tukakiita zinki, hatukukijali.

Meneja wetu alikuwa mtu mwema wa Arusha, aliyetafuta dhahabu mwaka mzima na kupata vumbi. Aliposikia alikaa chini kwenye gunia la sampuli. Tanuri yetu ya kuyeyusha sampuli na kuhakiki dhahabu ilikuwa imepelekwa Mwanza kutengenezwa, lakini hakutaka kungoja. Siku tatu baadaye alikuwa amezungumza na serikali ya kijiji na kuagiza tingatinga. Jumatatu lingefika, lifungue mtaro katikati ya bonde.

Alhamisi akaja Mama Kulwa.

Nilimjua tangu Kishapu. Alikuwa mmoja wa wale wa mawe, tena mkali wao, kabla hajaolewa upande wa Geita na baadaye kufiwa na mume. Niliacha mashine nikatoka nje.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," nikamsalimu kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba. Kumbe ni wewe, Fundi Mizani. Nimeambiwa kuna mtu humu amesema shamba langu lina dhahabu. Ni wewe?"

"Imesema mashine, mama."

"Mashine ya nani?"

"Ya kampuni. Lakini naitunza mimi," nikasema, maana ukweli ni ukweli.

Akakaa barazani, akafungua kanga kichwani na kuifunga tena. "Bonde lile lina majaruba yangu ya mpunga. Marehemu baba yao aliyakata kwa jembe la mkono, tuta kwa tuta. Kisima kiko katikati. Wanasema nitapewa shamba jingine, juu kule mlimani. Mpunga haupandi mlima, mwanangu."

"Lakini dhahabu ikiwepo..."

"Ikiwepo, ipo. Mimi sikukataa. Nimekuja kuuliza swali moja la kizamani. Hiyo mizani yenu mmeijaribu kwa jiwe gani?"

Nikamweleza vizuri sana habari za chuma na molibdeni. Nilieleza hata nishati. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesoma barua kwa sauti.

"Nimekuuliza habari za dhahabu," akasema, "unanijibu habari za chuma. Dhahabu yenu imekaa wapi, mwanzo wa mizani au mwisho?"

"Katikati."

"Ehe," akasema Mama Kulwa.

Niliingia ndani nikamkuta Daktari Neema amekwisha kulaza kalamu. Dirisha lilikuwa wazi, alisikia yote. Nikamwambia habari za Kanjibai na springi. Akacheka, si kwa dharau.

"Fundi, hilo limo sura ya tatu ya kitabu changu. Jicho na mitambo yake havijibu kwa mstari ulionyooka, vinapinda. Ndiyo maana naililia ile karatasi ya dhahabu."

"Kitabu chako hakijawahi kuuza pamba," nikasema. "Sisi tulipokosa jiwe la zahanati tulitafuta jiwe jingine. Daktari, tunangoja dhahabu kutoka ng'ambo, na tumekaa Geita."

Akavua miwani na kuifuta. "Nenda," akasema. "Kimbia."

Nikaenda kwa Masanja, mchimbaji mwenye duara lake mwenyewe, yaani shimo la dhahabu, upande wa pili wa mji, jamaa mrefu aliyetembea ameinama hata barabarani kwa mazoea ya shimoni. Dhahabu yake alikaa nayo kwenye kichupa cha dawa ya sindano, shingoni, ndani ya shati.

"Nikuazime?" akaniuliza. "Dhahabu haiazimwi, Baba Limi. Hata mke haazimwi."

"Haitaguswa. Itamulikwa tu."

"Ikimulikwa inapungua?"

"Haipungui."

"Inaongezeka?"

"Haiongezeki."

"Sasa faida yake?"

Nikamwambia ya Mama Kulwa. Akakuna kidevu. Mchimbaji anajua maana ya ardhi kufunguliwa bure. "Nakuja nayo," akasema, "na nitakaa ninapoiona."

Alikaa kweli, nyuma ya ukuta wa kinga, shingo ndefu kama twiga kwenye dirisha la kioo kizito. Meneja naye akaja, amekunja mikono. Tukaiweka punje ya Masanja chini ya mashine. Nilikuwa nimejaza chupa ya jicho asubuhi ile, mpaka juu, bila tone kudondoka. Jicho lilikuwa limetulia kama mtawa.

Kilima cha dhahabu kikainuka. Lakini hakikuinuka pale. Kilisimama kulia kwa kile cha bonde, vyumba vichache tu, kama majirani wanaogombea mpaka.

"Mbona kompyuta haikuita hiki dhahabu?" akauliza Meneja.

"Kwa sababu kompyuta inaamini mstari wetu," akasema Daktari. "Na mstari wetu unadanganya katikati."

"Hiyo ni tofauti ndogo."

"Ni ndogo, bosi," nikasema. "Na tingatinga ni kubwa."

Masanja akacheka nyuma ya kioo. Meneja hakucheka, ila alikunjua mikono.

Daktari akafanya kazi yake, na hapo mimi nilishika bomba la naitrojeni tu. Alipima chuma, shaba, zinki, ile dhahabu ya Masanja, kisha molibdeni, akaweka nukta tano kwenye karatasi na kuzipitishia kalamu. Mstari haukunyooka. Ulipinda kidogo, kama upinde ambao haujavutwa. Akasoma upya kilima cha bonde juu ya mstari uliopinda, akafungua jedwali lake, kidole kikashuka, kikasimama.

"Tungsteni," akasema. "Jirani wa dhahabu. Na kile cha pembeni tulichokiita zinki, nacho ni chake."

"Basi bonde lina tungsteni," akasema Meneja, akipata nguvu mpya. "Tungsteni nayo ni mali."

Hapo sote tukageuka kutazama lile bakuli jipya juu ya meza, zito, zuri, linang'aa.

Nilikwenda nyumbani, nikachukua kipande kilichobanduka kwenye jiwe la mke wangu la kusagia ulezi, jiwe alilopewa na mama yake, nikasaga nusu yake katika bakuli lile mpaka ikawa unga. Tukauweka kwenye mashine, kwa mstari wa zamani, mbele ya Meneja. Kompyuta ikaandika: dhahabu. Nusu nyingine nikaitwanga katika kinu cha chuma. Kilima hakikuonekana; ni bakuli lililokuwa likiacha vumbi lake la tungsteni ndani ya unga. Tukatwanga hivyo hivyo mchanga wa bonde uliobaki. Hakuna kitu, vijana. Tambarare kama mbuga ya Kishapu.

Meneja akatazama kioo muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hilo jiwe la mkeo, unakaa mtaa gani?" Ndipo tukacheka wote, na yeye ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akakaa tena kwenye lile gunia. Alikuwa mtu mwema, nimesema. Jioni ileile alikwenda mwenyewe kijijini kuondoa neno lake, na tingatinga likapangiwa kazi ya barabara. Tanuri iliporudi kutoka Mwanza ikasema kama tulivyosema. Ilichelewa, lakini ilikubali.

Mke wangu alipopata habari kwamba jiwe lake lilisomwa dhahabu akasema, "Kwa siku moja nimekuwa tajiri na hukuniambia?" Mpaka leo akisaga ulezi ananitazama.

Masanja alirudisha kichupa shingoni baada ya kukitikisa sikioni. Kila Jumatatu baadaye, mpaka karatasi ya Daktari ilipofika, alikuja kutuazima ile punje, na alivaa shati safi kwa ajili hiyo. Aliwaambia wachimbaji wenzake kwamba mashine haifanyi kazi bila yeye. Ningemkatalia, lakini ilikuwa kweli.

Mambo mengine yote mnayoyajua yalitokana na juma lile: nukta tano badala ya mbili, bakuli kutajwa kwenye kila sampuli, jicho kujazwa kabla ya chai na si baada yake. Mkikuta kilima kizuri, msianze kushangilia. Kiulizeni kimekaa wapi, kisha tafuteni jiwe la kukaa hapo hapo. Hilo ni la Kanjibai, ila kulisema vizuri ni langu.

Mpunga ulipovunwa mwaka ule, Mama Kulwa akaja tena maabara, kapu kichwani. Hakutaja tingatinga wala mashine. Alisalimia, akauliza habari za mwanangu Limi na mama yake, akatua kapu mlangoni.

"Fundi, nipimie mchele huu."

Tulikuwa na mizani ya sampuli, niliyoitengeneza kwa mikono hii, iliyo bora kuliko zote alizowahi kuziona. Nikajinyoosha, nikashika kapu ili nilipandishe.

"Ngoja kwanza," akasema.

Akaingiza mkono pembeni ya kapu, chini ya mchele uliofungwa kwenye kitambaa, akatoa lile jiwe. Lilikuwa lilelile la Kishapu, la ukubwa wa papai, limelainika kwa kushikwa. Akaliweka mwenyewe juu ya mizani yangu, akarudi nyuma hatua moja, akainama kusoma mshale. Daktari Neema alikuwa ametoka barazani. Nawaambia ukweli, sijawahi kusimama wima namna ile, hata siku ya kuapishwa mgambo.

Mshale ukatulia. Mama Kulwa akainuka, akatikisa kichwa kukubali, akalirudisha jiwe kapuni na kuutoa mchele.

"Haya," akasema. "Mizani yako ni nzima. Sasa mchele hauna haja ya kupimwa. Mpelekee Mama Limi, na huyu Daktari wako umgawie."